Simu ya Mkopo na Kufuli Lake

Mwezi uliopita nilikuwa Katoro, mkoani Geita. Kijana mmoja, mchimbaji mdogo, aliniomba simu ili ampigie mama yake aliyeko Kishapu. Yake alikuwa nayo mkononi, ila ilikuwa imefungwa. Aliichukua kwa mkopo: kianzio kidogo, kisha malipo ya kila siku. Mvua ikajaza maji duarani, kazi ikasimama wiki nzima, na malipo yakakatika.

“Mwalimu,” aliniambia, “dhahabu haitoki kila siku, lakini deni linaamka kila asubuhi.”

Tunausifu ushindani, nao una sifa zake. Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, yenye Tecno, Infinix na itel, ilikua barani Afrika kwa simu za bei nafuu zenye nafasi ya laini zaidi ya moja, kwa kuwa ilisoma vema mifuko yetu. Lakini bei ikishuka, faida hutafutwa kwingine: katika matangazo, katika taarifa zetu, na sasa katika mikopo.

Zamani mdai alichukua baiskeli. Hakumfunga mdaiwa mdomo. Leo kufuli la simu linaweza kumnyima mchimbaji mnunuzi wake, kibarua chake, hata njia ya kulipia deni lenyewe.

Sisemi deni lisilipwe. Nasema kanuni zitamke wazi kwamba simu ya mkopo ikifungwa, kupiga, kupokea na kutuma fedha vibaki wazi. Mkopeshaji ana haki ya fedha zake. Hana haki ya sauti ya mtu.