Upatu wa Simtanki

Miaka ya themanini, mtu wa Elerai, Arusha, akifika Dar es Salaam hakuulizwa kwao ni wapi. Meno yake ya kahawia yalishajibu. Nyumbani tuliambiwa ni ya ukoo: babu alikuwa nayo, baba anayo, na wewe utayapata. Wengine waliyasugua kwa mkaa hadi fizi zikatoka damu. Rangi ikabaki palepale.

Wataalamu walikuwa wanajua kwamba shida ni maji. Mlima Meru ni volkano, na chemchemi zake hupita kwenye miamba yenye floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Viwango vyetu viliruhusu 4 kwa miaka mingi. Huko Ngurdoto kulikuwa na kituo cha kutafiti namna ya kuichuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Elimu hiyo ilichelewa kufika barazani kwetu, na walioifikisha ni akina mama.

Kikundi cha mtaani kwetu kilianza kama upatu wa vyombo na sukari. Siku moja mhudumu wa afya ya jamii, jirani yetu, aliomba nafasi kabla pesa hazijahesabiwa. Akatueleza kuwa kuchemsha maji huua vijidudu, ila floraidi haiondoki. Maji yakipungua sufuriani, floraidi huzidi kukolea. Magadi tunayolainishia makande nayo huiongeza. Na meno huharibika yakiwa bado ndani ya ufizi, mtoto hajatimiza miaka 8. Maji ya mvua, akasema, karibu hayana floraidi kabisa.

Mama mmoja akadakia: "Sasa dada, mvua inanyesha bure, mbona tunaiacha ipite?"

Tangu hapo, zamu ya mtu ikifika hakupewa pesa mkononi. Alinunuliwa mabati, mifereji na simtanki. Wapangaji walileta ugumu, maana paa si lao. Kikundi kikaenda kwa wenye nyumba, kikakubaliana nao tangi likae uani na wote wachote. Baadaye upatu ukawa VICOBA, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, chenye mfuko wa jamii unaomsaidia mwanachama aliyeuguliwa kabla hajauza mbuzi.

Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mradi mkubwa wa maji wa Arusha, wa shilingi bilioni 520, na kupunguza floraidi ni mojawapo ya malengo yake. Tumeupokea kwa shukrani. Lakini meno meupe ya vijana wengi wa mtaani kwetu yalianza kuota kabla ya bomba hilo, kwa michango ya mama zao.

Kwa hiyo ndugu msomaji unayeishi kuzunguka Meru, usiing'oe mifereji ya paa lako. Mvua ikinyesha, kinga. Na maji hayo yakiwa machache, mpe kwanza mtoto aliye chini ya miaka 8. Sisi wakubwa meno yetu yalishaota.