Mashua Katika Vilima vya Ngara

Siku utakapofika Ngara, shuka mpaka Rusumo. Utapita vilima juu ya vilima. Hapo mto Ruvubu, utokao Burundi, umekwisha kukutana na mwenzake utokao Rwanda, na toka hapo huitwa Kagera. Ng'ambo ya daraja ni Rwanda. Siku hizi maji yale hufanya kazi: mitambo iliyojengwa hapo ina nguvu ya umeme megawati 80, nao hugawiwa Tanzania, Rwanda na Burundi.

Lakini mwenye mashua hapo hana njia. Chombo hakiwezi kupanda maporomoko wala kuyashuka. Sharti kitoke majini, kipite nchi kavu.

Jambo hili si geni pande hizi. Mwaka 1876 msafiri Stanley alikuwa Karagwe, kaskazini ya Ngara, pamoja na mashua yake, Lady Alice. Iliundwa Uingereza vipande vipande ili ichukuliwe na watu. Wapagazi waliibeba toka Bagamoyo mpaka Ziwa Viktoria, kisha toka Karagwe mpaka Ujiji. Njia za siku zile zilikuwa nyembamba, za kupita mtu mmoja mmoja. Gurudumu lingepita wapi? Basi kazi yote ikawa ya mabega. Jina la Stanley twalisoma vitabuni. Wapagazi wengi walikufa safarini, na ni nani leo ajuaye majina yao?

Siku hizi njia ni pana, lakini bado twawaona watu wakiburura mashua juu ya mawe. Mbao hutoboka, na migongo huumia. Mwenye mashua ndogo ya mbao na ajitengenezee kigari.

Kwanza, iegemeze mashua juu ya gogo mpaka itulie kama mizani. Hapo ndipo mahali pa ekseli. Isogeze nyuma kidogo tu, ili pua ikuelemee kidogo mkononi. Tumia magurudumu ya pikipiki, maana ya baiskeli hupinda upesi. Tandika magunia juu ya kigari, kisha funga mashua kwa kamba pande zote mbili. Toa kwanza maji na vyombo vyote vilivyomo.

Tena, sikia neno hili. Kwenye mteremko usitangulie mbele ya mashua. Igeuze, tezi itangulie, nawe uizuie kwa kamba toka juu, ukiizungusha kamba kwenye mti ukiupata. Watoto wasisimame chini yake kamwe. Ikikushinda, iachie. Mbao hupigiliwa misumari siku moja. Mguu wa baba ukivunjika, nyumba nzima hulala njaa.

Kidole kimoja hakivunji chawa, wahenga walisema kweli. Basi waite jirani wawili wakusaidie. Lakini kwanza tengeneza kigari, usije ukawarudisha kwenye kazi ya wapagazi.