Hajala Huyo
Mwaka juzi, mama akiwa ameshatutoka, nilimpelekea kijana mmoja anayechora kwa penseli picha yake ya pasipoti. Nilipofuata kazi, kijana alitabasamu: "Dada, nimempunguza miaka kidogo." Kweli alimpunguza. Makunyanzi hamna, shingo laini, midomo imetulia. Nikalipa, nikashukuru, nikaitundika sebuleni. Mdogo wangu alipoiona akauliza, "Huyu nani?"

Simlaumu fundi. Yeye hakuwahi kukaa na mama.

Kilichokosekana nilikuja kukielewa siku nilipokutana na mchoro wa Albrecht Dürer, Mjerumani wa Nuremberg, aliyemchora mama yake Barbara kwa mkaa mwezi Machi 1514. Bibi huyo alikuwa na miaka 63. Alizaa watoto 18, na wengi wao aliwazika. Mwanawe hakumpunguza hata siku moja. Paji la uso ni mfupa mtupu, mashavu yamebonyea, kano za shingo zimesimama kama kamba. Kitambaa cha kichwani kakipitia harakaharaka, mistari michache basi; shida yake haikuwa kitambaa.

Halafu yale macho. Hayaangalii mahali pamoja, na hakuna hata moja linalomtazama mchoraji. Mwanzoni nilidhani mkono uliteleza, lakini Dürer si mtu wa kukosea macho. Nikayatazama tena na tena, nikamwona mama aliyechoka, yupo na mawazo yake, kabana midomo asije akalalamika mbele ya mtoto. Huruma yetu haihitaji. Labda ndiyo maana mtu unashindwa kuondoka hapo.

Miezi miwili baadaye alifariki. Dürer akairudia karatasi ileile, akaongeza kwa wino siku na saa ya kifo chake.

Mama yangu naye alibana midomo, hasa tukimuuliza kama amekula. "Nimeshiba," halafu kimya, macho dirishani. Picha ya pasipoti ingeipata wapi hiyo?

Wiki iliyopita nilichukua daftari nikajaribu mwenyewe. Sijui kuchora, niseme ukweli: pua ilikuwa ya mtu mwingine, masikio nikayaacha. Nilihangaika na mdomo tu, nafuta, narudia, mpaka karatasi ikachubuka. Mdogo wangu akapita nyuma yangu na kikombe cha chai. Akasimama.

"Hajala huyo," akasema.