Safari ya Iringa na Nambari 1001

Basi lilitoka Dar es Salaam alfajiri. Mikumi, twiga walikuwa wakila majani ya migunga karibu kabisa na barabara. Ruaha Mbuyuni, wachuuzi wakatunyooshea vitunguu madirishani. Tulipoanza kupanda Kitonga, abiria wote kimya: malori yanajikongoja kwenye kona, huku korongo likituchungulia. Jioni nikashuka Iringa, mara yangu ya kwanza, na baridi yake ikanipokea bila sweta.

Chuo nilikotumwa kilikuwa na seva ya Linux. Kompyuta za ofisini zilifungua faili zake kwa NFS, mfumo ulioasisiwa na Sun Microsystems mwaka 1984. Faili za mhasibu, zikiorodheshwa kwenye kompyuta ya msajili, zilisomeka ni za msajili. Wawili hao walikuwa wameanza kushukiana.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia fundi wa chuo.

"Marahaba, kijana. Achana na majina. Andika *ls -n*."

Majina yakatoweka, zikabaki nambari. NFS toleo la 3 haipeleki jina la mtumiaji kwenye seva, hupeleka nambari yake. Kila ofisi ilikuwa imesajili watu wake kivyake, hivyo 1001 kwa uhasibu ni mhasibu, kwa usajili ni msajili. Kwa seva, huyo ni mtu mmoja.

"Sasa ingia kama root hapo ulipo, ubadilishe umiliki," mzee akaniagiza. Seva ikakataa. Akacheka: "Mkubwa wa huku si mkubwa wa kule." Ilikuwa na *root_squash*: root anayetoka kompyuta nyingine hugeuzwa *nobody*, nambari 65534, asiye na mamlaka.

Tukapanga orodha moja ya chuo kizima, kila mtu na nambari yake, kisha tukahamia kwenye seva yenyewe kugawa faili za zamani. Hapo amri hazikutosha, maana faili zote zilikuwa za 1001. Ilibidi mhasibu na msajili wakae pamoja mbele ya skrini: hii yangu, hii yako.

Hata hivyo, mwenye laptop yake akichomeka waya na kujipa 1001, seva itamwamini. Toleo la 4 linaweza kubeba majina, lakini bila Kerberos kuthibitisha mtu, ruhusa bado hufuata nambari. Kwenye ripoti nililitanguliza hilo, orodha ikafuata.