Chakula cha Jioni Huanza Asubuhi

Watu wengi husema kwamba mtu wa kipato kidogo hula vibaya kwa sababu ya umaskini. Maneno hayo yana kweli ndani yake, lakini kwa maoni yangu umaskini una msaidizi wake, naye ni uchovu. Mtu aliyechoka hana subira ya kungoja chungu kichemke. Atanunua chochote kilicho karibu, au atalala na njaa.

Sisi tuliozaliwa mpakani twauona uchovu huo kila siku. Busia ni miji miwili yenye jina moja, mmoja upande wa Kenya na mmoja upande wa Uganda. Kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa rasmi mwaka 2018, na tangu hapo msafiri hukaguliwa upande ule anaoingia tu. Lakini jasho la watu wetu halikupungua. Wako wapakiaji wa magunia, na wako waendesha boda boda, ambao jina lao lilizaliwa hapa hapa wakati baiskeli zilipokuwa zikibeba watu kutoka boda moja hadi ya pili. Kule Tororo wako wafanyakazi wa saruji. Wengi wao hurudi nyumbani jua limekwisha kuzama.

Mama yangu ni mmoja wao. Huuza mitumba sokoni, hutoka alfajiri na kurudi saa mbili usiku. Nilipokuwa mdogo, alipofika ndipo alipoanza kuwasha makaa. Maharagwe yalitaka saa mbili au zaidi, na wadogo zangu walishikwa na usingizi mkekani kabla hayajaiva. Siku nyingine alinunua chapati iliyokunjwa na mayai, ile iitwayo rolex, moja kwa kila mtoto. Chakula hicho ni kitamu, wala siwalaumu wauzaji. Lakini ukikinunua kila usiku kwa watu sita, fedha za karo huondoka polepole bila wewe kujua.

Nilipoingia shule hii nilianza kumtazama mpishi wetu. Mzee huyu hulisha mamia ya wanafunzi, wala sijamwona akikimbia hata siku moja. Nilipomwuliza siri yake alinijibu, "Kijana, chakula cha jioni mimi huanza kukipika asubuhi." Maharagwe yake hulala majini usiku kucha. Kukicha huyamwaga maji yale, akatia mapya, ndipo akawasha moto.

Basi, likizo ilipofika nilifanya vivyo hivyo nyumbani, nikaongeza na kapu. Asubuhi huchemsha maharagwe yaliyolowekwa, yakatokota kwa nguvu muda wa nusu saa. Jambo hili lisipuuzwe, kwani maharagwe mekundu yasiyotokota vema yana sumu iumizayo tumbo. Kisha huifunika sufuria na kuiweka katikati ya kapu kubwa lililojazwa majani makavu ya mgomba, na juu yake hutandika blanketi kuukuu. Joto hukosa njia ya kutoka, na maharagwe huendelea kuiva bila kula makaa. Watu wa Ulaya walitumia sanduku la nyasi kavu kwa namna iyo hiyo wakati wa vita, makaa yalipokuwa haba. Baada ya saa tano hivi huitoa sufuria na kuirudisha motoni itokote tena, nikaonja kama yamelainika.

Jioni kazi inayobaki ni kukaanga kitunguu na nyanya, kutia maharagwe yapate moto sawasawa, na kusonga ugali wa muhogo na mtama. Hayo hayazidi nusu saa. Usiku wa kwanza mama aliingia, nikamwambia, "Karibu mama, pole kwa kazi." Akajibu, "Nimekwisha poa, mwanangu," akaketi. Alipoona sahani imewekwa mbele yake hakusema neno kwa muda. Kisha akawatazama wadogo zangu wakila, wote wakiwa macho, akacheka. Tangu siku hiyo mdogo wangu wa pili amejifunza kazi ya kapu, naye huifanya nikiwa shuleni.

Labda msomaji atasema, "Mimi nimepanga chumba mjini peke yangu, nani atalinda kapu langu mchana?" Kwake yeye wazee wetu walikwisha kuandaa dawa, maana walijua kukausha na kusaga. Dagaa wa ziwa letu, ambao Kenya twawaita omena na Uganda mukene, wamekaushwa juani tayari. Waoshe kwa maji ya moto kuondoa mchanga, wakaange na nyanya, na kwa dakika ishirini umekula. Huliwa pamoja na mifupa yao, kwa hiyo huujenga mwili vizuri. Karanga zilizosagwa, ukizikoroga katika maji ya moto na kuzichemsha polepole, huwa mchuzi mzito. Mrenda huiva upesi kuliko mboga nyingi. Nunua dagaa na karanga za juma zima siku ya soko, uziweke mahali pakavu, na usiku wa uchovu hautakukuta mikono mitupu.

Wako wenzangu bwenini wanaocheka wakisema kwamba kupika ni kazi ya wasichana. Nawashauri waende Malaba, ambako malori ya kutoka Mombasa husimama kungoja zamu yao. Watawaona wanaume wenye vifua vipana wameinama kando ya magurudumu, kila mmoja na jiko lake dogo, akikoroga sufuria yake. Madereva hawa hawaoni haya, kwa maana safari ni ndefu na tumbo halina msamaha.

Nanyi ndugu zetu mliomaliza hapa, mlio Kampala, Nairobi na kwingineko, twajua kwamba mishahara ya mwanzo ni midogo na siku za kazi ni ndefu. Usiku huu, kabla ya kuzima taa, lowekeni kibaba kimoja cha maharagwe. Na mwenye mama, dada au mke arudiye nyumbani amechoka, asimngoje mlangoni na swali la "tutakula nini?" Amngoje na sahani.