Ghala la mahindi lililogeuka hoteli



Mwezi uliopita watatu kati yetu wa chama cha Kilwa tulikwenda Cape Town, Afrika Kusini, kumsindikiza binti yetu aliyemaliza masomo. Tangu turudi mnatuuliza: mmeona nini? Tumeona mengi, lakini leo tunawasimulia jumba moja tu.

Liko bandarini. Lilijengwa kuwa ghala la nafaka, likamalizika mwaka 1924, urefu wake mita 57. Mahindi na ngano vilifika kwa treni, vikapimwa, vikahifadhiwa, kisha vikapakiwa melini. Mwaka 2001 kazi ilisimama, jumba likabaki tupu.

Hawakulibomoa. Ndani mlikuwa na mabomba 42 ya saruji, marefu, yamesimama bega kwa bega. Msanifu Mwingereza, Thomas Heatherwick, aliyakata katikati kwa umbo la punje ya mahindi, na hapo pakapatikana ukumbi wa makumbusho ya sanaa, Zeitz MOCAA. Juu yake, katika mnara wa mashine za kupandishia nafaka, ikafunguliwa The Silo Hotel, yenye vyumba 28. Vioo vya madirisha yake vimefura kama mito ya kulalia, na usiku jumba lote huwaka kama taa. Vyote viwili vilifunguliwa mwaka 2017.

Hatukulala humo. Usiku mmoja tu ungemaliza likelemba yetu yote! Tulingoja Jumatano asubuhi, maana saa hizo makumbusho yalikuwa yakiwaingiza bure raia wa nchi za Afrika. Tukaonyesha pasipoti zetu za Kongo, tukaingia.

Mama mzee wetu, mjane wa mfanyakazi wa Gécamines, alisimama katikati ya ukumbi, akashika ukuta uliokatwa. Akasema polepole: «Hapa palikuwa na posho.»

Tulimwelewa. Nani kati yetu amesahau posho? Kila mwezi kampuni ilitoa unga, na nyumba ikapika bukari. Halafu mambo yakaharibika, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka kwa mpango ule ulioitwa wa hiari. Tangu hapo, gunia la unga ni shida ya mama.

Tuliporudi Lubumbashi, tuliutazama mnara wa moshi wa Gécamines kwa macho mengine. Kiwanda kile kilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Baba na babu zetu waliacha nguvu zao pale, lakini watoto wetu wanakijua kwa kukiona kwenye picha.

Kugeuza jumba la kazi kuwa hoteli si kosa. Heri hivyo kuliko kuliacha lianguke. Lakini Cape Town tuliona milango miwili: mmoja wa mwenye fedha, mwingine wa mtu yeyote. Bila ule wa pili, mama mzee angelitazama kutoka barabarani tu.

Kwa hiyo, siku wakija kugeuza karakana au maghala ya kwetu, tusingoje waite wageni kwanza. Tuombe mapema: kazi kwa vijana wetu, picha za wazee wetu ukutani, na siku ya kuingia bure.

Jumamosi, kila kundi lije na jambo moja la kuongeza kwenye orodha hii. Mama mzee ameshataja lake: jikoni wapike bukari.