Gramu 9 za Chumvi

Wundanyi,
Jumapili jioni.

Mwanangu,

Bahasha uliyompa dereva wa matatu pale steji ya Voi imenifikia salama. Ukungu umeshuka mapema leo, nikawasha taa kabla ya magharibi na kuisoma transkripti yako mstari kwa mstari, kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa nne. Sikuruka somo hata moja.

Baba yako ameniambia kwamba tangu mahafali hutaki kuonana na watu, na kwamba ulipotamka neno udaktari mezani, mtu mmoja alicheka. Mimi sikucheki. Nimekaa na karatasi hizi saa tatu kwa sababu nakuamini, na kwa sababu njia unayoiulizia nimeipita.

Nikuambie nilichokiona. Mwaka wa kwanza ulifanya sapu mbili, zote za kemia. Mwaka wa pili, biokemia ulipata 41. Lakini elimu ya viumbe, mwaka baada ya mwaka, hukushuka chini ya 60, na ule mradi wa mwaka wa nne ulipata 68. Palipo na kemia umeanguka, pasipo na kemia umesimama. Daraja la pili la chini halikuja kwa uvivu wala kwa bahati mbaya. Limetoka sehemu moja, na sehemu hiyo ina jina.

Usipoteze muda kutunga maelezo ya kwa nini ulianguka. Najua mama alikuwa anaumwa, najua ulikuwa ukisafiri kila wikendi. Hayo niambie mimi, nitalia nawe. Anayechagua wanafunzi wa udaktari hapa kwetu anasoma vyeti. Tangazo ulilonitumia linataka shahada ya daraja la pili la juu, yaani 60 kwenda juu, na bado linarudi nyuma kuuliza KCSE yako: Baiolojia, Kemia, Fizikia au Hisabati, Kiingereza au Kiswahili. Wengi wenye shahada hudhani KCSE ilishazikwa. Haijazikwa. Ile C yako ya Kemia ya kidato cha nne ingali inakusubiri mlangoni, kama yangu ilivyonisubiri.

Hukuwahi kunisikia nikilisema hili kwa sababu nililionea aibu miaka mingi. Mimi nami nilipata C ya Kemia. Nikasomea utabibu, stashahada ya miaka mitatu na mwaka mmoja wa mafunzo ya kazini, nikapangiwa kituo cha afya kule tambarare, upande wa mashamba ya mkonge. Wagonjwa waliniita daktari. Nilishona vidonda, nilizalisha, niliosha macho ya wakata mkonge yaliyochomwa na ncha ya jani. Kazi ile niliipenda kwa moyo wote. Lakini kila nilipoomba nafasi ya udaktari nilirudishiwa jibu lile lile, Kemia.

Usiku mmoja aliletwa kituoni mwanamume aliyeharisha na kutapika tangu asubuhi, macho yameingia ndani, ngozi ukiifinya inabaki imesimama. Nilimwekea dripu, na kwa kuwa hapakuwa na pa kuning'iniza nikabaki nimeishika mkononi nikisubiri gari la wagonjwa. Mbele ya macho yangu palikuwa na maandishi niliyoyaona mara elfu: sodiamu kloraidi 0.9%. Maana yake ni gramu 9 za chumvi katika lita moja ya maji. Nikajiuliza kwa nini 9. Kwa nini si 5, kwa nini si 20?

Nilipomfikisha mgonjwa hospitalini nilirudi nikachukua kalamu. Sodiamu ni 23, klorini ni 35.5, jumla 58.5. Gramu hizo ndizo moli moja ya chumvi. Gawanya 9 kwa 58.5 upate moli 0.154 kwa lita. Kiasi hicho kinakaribiana na chumvi iliyo katika damu yenyewe, ndiyo maana chembe nyekundu za yule bwana hazikuvimba wala kunyauka. Ningemtilia maji matupu mshipani, zingevimba zikapasuka. Mwanangu, moli nilifundishwa kidato cha tatu na sikuielewa. Niliikariri, ikanitoroka. Usiku ule niliielewa kwa sababu nilikuwa nimeishika mkononi, na mtu alikuwa anaitegemea.

Mwaka uliofuata nikajisajili na baraza la mitihani, KNEC, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Unaandikwa mapema mwaka ukianza, unachukua masomo saba ili upate alama ya wastani, na lazima upate kituo kinachokubali watu kama sisi na chenye maabara, maana karatasi ya tatu ya Kemia ni ya vitendo. Nilikaa na watoto waliovaa sare. Mmoja aliniita madam akidhani ninasimamia mtihani. Nilipofungua bureti, tone kwa tone, rangi ya waridi ikatoweka ghafla ndani ya chupa, nikagundua mkono wangu hautetemeki hata kidogo. Ulikuwa umeshatafuta mishipa ya watoto wachanga gizani. Nilipata B. Miaka sita ya chuo kikuu ikafuata, mkopo wa sacco, mkopo wa HELB, ng'ombe wawili wa bibi yako. Ng'ombe hao siwasahau.

Sasa wewe. Kuna watakaokuambia uvuke mpaka, kwamba Uganda wanachukua bila maswali mengi. Vyuo vizuri viko huko. Makerere inafundisha udaktari tangu 1924. Ila kabla hujalipa hata shilingi, uliza Baraza la Madaktari hapa Kenya kama chuo hicho na alama zako zinakubalika, na ujue kwamba ukirudi kuna mtihani wa baraza kabla ya kupangiwa hospitali.

Ushauri wangu ni huu, na unaweza kuukataa. Rudia KCSE mwaka ujao. Wakati huo huo omba utabibu katika chuo cha KMTC, chenye tawi hapo hapo Voi. Usiufanye utabibu kuwa ngazi ya kukanyaga tu. Huenda ukafika kituo cha afya ukagundua kwamba ulichokuwa unakitaka ni hicho, mgonjwa mbele yako na uamuzi mkononi mwako, wala si koti na jina. Nakuomba ulifikirie hilo kwa dhati, kwa sababu jina peke yake halitakushikilia. Mwaka 2024 madaktari wetu waligoma siku 56, na malipo ya wale wanaoanza kazi yalikuwa katikati ya ugomvi. Aliyebaki katika kazi hii baada ya miezi kama ile anabaki kwa sababu nyingine.

Njoo Jumamosi. Panda gari la asubuhi linalopitia Mwatate, ukichelewa utakuta mvua imeharibu barabara ya nyumbani. Njoo na cheti cha KCSE, transkripti ninayo. Vitabu vyangu vya Kemia vya kidato cha tatu na nne vimo kwenye sanduku chini ya kitanda, na nimeshatoa kimoja nikaanza kufuta vumbi. Tutaanza na moli. Mfuko mtupu wa dripu nitakuwa nao mezani.

Mwambie mama yako shuka alizoomba zimeshafuliwa, utazibeba ukirudi.

Shangazi yako